Je, Adam Faith Alibebwa na Jina la Uimbaji?

Msomaji mmoja anayesomea sanaa za maonyesho ameniandikia kuhusu Adam Faith, mwimbaji Mwingereza aliyevuma mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambaye baadaye alikuja kuheshimiwa kama mwigizaji wa jukwaani, wa televisheni na wa sinema. Anasema mwalimu wake alimtaja Faith darasani kuwa mfano wa msanii aliyebebwa na jina, yaani alipewa nafasi za kuigiza kwa sababu tu watu walikwisha kumjua kwa nyimbo zake. Anauliza kama hukumu hiyo ni ya haki na, kama si ya haki, ni nini hasa kilichomwezesha Faith kuvuka ilhali waimbaji wengi wa rika lake walicheza filamu mbili tatu kisha wakasahaulika.

Ndugu msomaji, nianze na jibu lenyewe. Mwalimu wako yuko sahihi kuhusu kipindi cha kuanzia 1960 hadi 1962, ambapo jina la Faith ndilo lililouza tiketi za sinema na watayarishaji hawakuwa na haja kubwa ya kitu kingine kwake. Kuhusu miaka arobaini iliyofuata, hukumu hiyo haisimami. Nafasi zilizompa heshima alizipata baada ya nyimbo zake kuondoka kwenye chati, na baada ya yeye mwenyewe kukubali kwenda kujifunza kazi katika maonyesho ya mikoani kwa hadhi ya chini kuliko ile aliyoizoea. Tena, ukichunguza alichokuwa akikifanya mbele ya kamera, utaona kwamba kinatokana na jambo lile lile lililomfanya avume katika santuri, nalo ni uwezo wa kufanya mengi kwa sauti ndogo. Hili la mwisho ndilo ninaloliona kuwa kiini cha swali lako, na ndilo nitakalolitolea maelezo marefu.

Jina alilokua nalo lilikuwa Terence Nelhams, au Terry kwa watu wa nyumbani. Alizaliwa tarehe 23 Juni 1940 huko Acton, magharibi mwa London, katika familia ya kazi za mikono yenye watoto watano; baba yake alikuwa dereva wa mabasi ya safari na mama yake alifanya kazi ya usafi. Alipoacha shule hakukimbilia muziki. Alipata kazi katika kampuni ya filamu za matangazo iliyokuwa chini ya Rank, kampuni kubwa ya filamu ya Uingereza, kwanza kama tarishi, kisha akapanda hadi kuwa msaidizi katika chumba cha uhariri. Wanaosimulia maisha yake huipita hatua hii kwa sentensi moja, nami nadhani wanakosea kuipita upesi namna hiyo. Msaidizi wa mhariri katika miaka ile alishika filamu yenyewe mikononi: aliipanga vipande vipande, aliviwekea alama, aliviunganisha, na kila siku aliona uso ule ule wa mwigizaji ukipita mbele yake mara nyingi mfululizo, huku mhariri akiamua ni wapi pa kukata. Anayekaa katika chumba kama hicho hujifunza, hata asipofundishwa, kwamba katika sinema tukio mara nyingi hubebwa na uso wa yule anayesikiliza kuliko mdomo wa yule anayesema. Kijana wa miaka kumi na saba aliyekwisha kuliona hilo alikuwa na elimu ambayo waimbaji wenzake hawakuwa nayo.

Muziki ulimjia kupitia wimbi la skifli, ule muziki mwepesi wa magitaa na ubao wa kufulia nguo uliowafanya maelfu ya vijana wa Uingereza waanzishe vikundi bila kuwa na fedha wala mafunzo. Kikundi chake, Worried Men, kilipiga katika mkahawa wa 2i's ulioko mtaa wa Old Compton, Soho, na mwezi Novemba 1957 kipindi cha BBC cha Six-Five Special kilirushwa moja kwa moja kutoka mkahawani humo. Mtayarishaji wa kipindi hicho, Jack Good, alimwona, akamshauri aimbe peke yake, na ndipo Terry Nelhams akawa Adam Faith. Santuri zake za kwanza za mwaka 1958 hazikununuliwa. Alirudi kwenye uhariri wa filamu, safari hii katika studio za Elstree, na huenda angebaki huko maisha yake yote kama John Barry, kiongozi wa bendi aliyekuwa ameshafanya naye kazi, asingempendekeza kwa kipindi kipya cha BBC cha Drumbeat kilichoanza mwaka 1959. Humo alikutana na Johnny Worth, mwimbaji wa kikundi cha Raindrops, ambaye alikuwa akitunga nyimbo kwa jina la Les Vandyke.

Wimbo uliotokana na mkutano huo, What Do You Want?, ulifika namba moja Uingereza mwezi Desemba 1959, na ningependa uusikilize kwa makini kabla ya kutazama filamu yake yoyote. Haufiki hata dakika mbili. Faith hakuwa na sauti kubwa, wala hakuweza kushindana na waimbaji waliopaza koo kwa mtindo wa Kimarekani, na Barry alilijua hilo vizuri. Badala ya kumwekea bendi nzito nyuma, aliandika sehemu ya fidla zinazodonolewa kwa vidole badala ya kuchezwa kwa upinde, kwa namna inayofanana na ile iliyosikika mapema mwaka huo katika santuri ya mwimbaji wa Marekani Buddy Holly. Nyuzi hizo huruka na kukatika, huacha nafasi tupu kati ya noti moja na nyingine, na ndani ya nafasi hizo sauti nyembamba ya Faith husikika kana kwamba yuko karibu sana na kipaza sauti, akimsemesha mtu mmoja. Maneno ya kawaida kabisa ya mapenzi anayatamka kwa kuyavuta na kuyavunja mwishoni, na jinsi alivyofanya hivyo iligeuka mzaha uliorudiwa na vijana wa nchi nzima. Nguvu yote ya santuri hiyo imo katika kujizuia. Hapana mahali ambapo anajaribu kuimba kwa ukubwa kuliko uwezo wake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Poor Me ulifika namba moja mwanzoni mwa 1960, na vibao vyake saba vya kwanza vyote viliingia katika nafasi tano za juu za chati, jambo ambalo hakuna msanii wa Uingereza aliyekuwa amelifanya kabla yake.

Sasa tunafika katika ile miaka ambayo mwalimu wako anaizungumzia. Sekta ya filamu ya Uingereza ilikuwa ikipoteza watazamaji kwa televisheni, na njia moja ya kuwarudisha vijana kwenye majumba ya sinema ilikuwa kuwaweka waimbaji wao kwenye bango. Filamu hizo zilitengenezwa upesi na kwa gharama ndogo, zikibanwa kati ya ziara moja ya muziki na nyingine, na mwimbaji hakutakiwa kumjenga mhusika. Alitakiwa aonekane, aimbe nyimbo mbili, na awe mtu mwema. Beat Girl ya mwaka 1960 inakumbukwa leo zaidi kwa kuwa ndiyo filamu ya kwanza ambayo John Barry aliitungia muziki, kazi iliyomfungulia njia ya kufika Hollywood, kuliko kwa lolote alilolifanya Faith ndani yake. What a Whopper ya 1961, ambayo ni kichekesho kuhusu dubwana linalosemekana kuishi katika ziwa la Loch Ness, Scotland, haina haja ya maelezo. Katika Mix Me a Person ya 1962 alicheza kijana aliyehukumiwa kwa mauaji asiyoyafanya, akiwa pamoja na Anne Baxter wa Marekani. Unaona anajitahidi, lakini pia unaona kwamba hadithi imepangwa ili asionekane mbaya kwa mashabiki wake hata kwa nukta moja.

Filamu moja ya miaka hiyo haimo katika kundi hili, nami ningemwomba mwalimu wako aitazame tena. Katika Never Let Go ya mwaka 1960, Faith ni kijana anayeiba magari kwa amri ya mkubwa wa genge anayechezwa na Peter Sellers, ambaye hapo aliacha vichekesho vyake na kucheza ukatili mtupu. Gari linaloibwa ni Ford Anglia ya muuza vipodozi wa kutembeza, anayechezwa na Richard Todd, na hadithi yote ni ya mtu huyo mnyonge kulitafuta gari lake. Faith hana nafasi kubwa. Hata hivyo anapokuwa mbele ya Sellers, ambaye hapazi sauti tu bali huijaza picha nzima kwa hasira, kijana huyu hajaribu kushindana naye. Anatulia, anakunja mdomo, anamwacha mkubwa wake amalize, na hofu yake unaiona machoni tu. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza namwona mwigizaji, na sioni sababu nyingine isipokuwa kwamba alipewa mhusika asiyetakiwa kupendwa.

Jambo jingine la mwaka huo linahusu uso huo huo. Mwezi Desemba 1960 BBC ilimwalika katika kipindi cha Face to Face, ambacho mwanahabari na mwanasiasa wa zamani John Freeman aliwahoji watu wazito wa karne hiyo, akiwamo mwanafalsafa Bertrand Russell na mtaalamu wa saikolojia Carl Jung. Faith alikuwa na umri wa miaka 20. Kipindi hicho kilipigwa kwa namna isiyo ya kawaida: Freeman hakuonekana isipokuwa kisogo chake, na kamera ilimsogelea mgeni hadi uso wake ukaijaza skrini yote, ikabaki hapo wakati maswali magumu yakiulizwa. Wengi walitarajia kijana wa nyimbo za mapenzi aaibike. Alijibu kwa utulivu, kuhusu fedha, kuhusu elimu yake, kuhusu muziki anaoupenda, na watu wazima waliokuwa wakimdharau walianza kumtaja kwa adabu. Mwanzoni mwa 1962 alikaa tena mbele ya kamera akijadiliana kuhusu dini na maisha ya vijana na Donald Coggan, aliyekuwa Askofu Mkuu wa York. Mimi huyaona mahojiano haya mawili kuwa sehemu ya mafunzo yake ya uigizaji, ingawa hayakukusudiwa hivyo, kwa sababu yalimthibitishia kwamba uso wake unaweza kustahimili kutazamwa kwa karibu bila ya wimbo wa kuuficha.

Walipokuja akina Beatles mwaka 1963, mtindo wa fidla za kudonoa ulizeeka mara moja. Faith hakuzama papo hapo: alichukua bendi ya Roulettes, akabadilisha sauti ya santuri zake, akapata vibao vichache zaidi, na mmoja wao uliingia hata kwenye nyimbo arobaini za juu Marekani. Katika miaka hiyo hiyo ndiye aliyemtambulisha mwimbaji chipukizi Sandie Shaw kwa meneja wake mwenyewe, Eve Taylor, na hilo linaonyesha kwamba tayari alikuwa na jicho la kuona vipaji vya wengine. Mwanzoni mwa 1965 aliikatiza ziara yake ya Afrika Kusini kwa kukataa kuimba mbele ya watazamaji waliotengwa kwa rangi, wiki chache tu baada ya mwimbaji mwenzake Dusty Springfield kufukuzwa nchini humo kwa msimamo kama huo. Silitaji hili kwa kuwa linahusu uigizaji. Nalitaja kwa kuwa ziara ile ilikuwa na fedha nyingi kwa mwimbaji ambaye soko lake lilikuwa likishuka, na kuiacha kunatuambia kitu kuhusu tabia ya mtu tunayemzungumzia. Wimbo wake wa mwisho kuingia kwenye chati ulikuwa wa mwaka 1966.

Hapa ndipo njia yake na ya wenzake zinapoachana. Mwimbaji wa Uingereza aliyeishiwa vibao katika miaka ile alikuwa na riziki iliyo tayari: vilabu vya kaskazini mwa nchi, maonyesho ya likizo za kiangazi katika miji ya pwani, na michezo ya Krismasi ya watoto ambako angeimba kibao chake cha zamani kati ya vituko. Fedha yake haikuwa mbaya, na jina lilibaki juu kwenye bango. Wengine wenye vipaji walichagua tamthilia za muziki: Tommy Steele alikwisha kufanya hivyo kwa mafanikio makubwa tangu 1963, na kwake nyimbo na uigizaji havikutengana kamwe. Anthony Newley yeye hahesabiki hapa, kwa sababu alikuwa mwigizaji tangu utotoni na ndipo akaingia kwenye uimbaji. Faith hakuchagua lolote kati ya haya. Aliacha kuimba karibu kabisa na kwenda kufanya tamthilia zisizo na wimbo hata mmoja.

Mwaka 1968 alizunguka nchini na tamthilia ya Night Must Fall, akicheza kijana mtumishi wa hoteli ambaye kwa ucheshi na maneno matamu anaingia katika nyumba ya mama mzee mwenye mali huku akiwa muuaji. Mama huyo alichezwa na Sybil Thorndike, mmoja wa waigizaji wakubwa kabisa wa jukwaa la Uingereza, ambaye wakati huo alikuwa na zaidi ya miaka themanini na tano. Fikiria maana yake kwa mtu aliyezoea kuimba nyimbo za dakika mbili mbele ya wasichana wanaopiga mayowe. Katika tamthilia kama hiyo ukumbi uko kimya. Sauti yake ndogo lazima ifike viti vya nyuma bila kipaza sauti na bila kugeuka kelele. Maneno yale yale lazima yasemwe usiku baada ya usiku, na kila usiku lazima yawe mapya kwa sababu bibi aliye mbele yake anayasikiliza kwa dhati na atajua akidanganywa. Ni kazi ya kufua chuma, na haina njia ya mkato. Alicheza pia mhusika mkuu wa Billy Liar katika ziara, tamthilia ya kijana mwongo anayeishi zaidi katika ndoto zake kuliko katika mji wake. Tamthilia hiyo iliandikwa na Keith Waterhouse na Willis Hall. Yashike majina hayo mawili.

Waterhouse na Hall ndio walioandika Budgie, tamthilia ya mfululizo iliyotengenezwa na London Weekend Television na kuonyeshwa mwaka 1971 na 1972, vipindi 26 kwa jumla, chini ya mtayarishaji Verity Lambert. Kama kuna kazi moja inayolijibu swali lako, ni hii. Budgie Bird ni mhalifu mdogo aliyetoka jela, anayehangaika katika vichochoro vya Soho akitafuta dili litakalomtajirisha, na kila dili humrudia yeye mwenyewe. Bosi wake ni Charlie Endell, Mskoti mwenye maduka machafu na hasira kali, aliyechezwa na Iain Cuthbertson, mtu wa mwili mkubwa na sauti nzito. Vipindi vya mwanzo vilirekodiwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa sababu mafundi wa televisheni za kibiashara walikuwa wamegoma kufanya kazi ya kurekodi kwa rangi, na kwa macho yangu ukijivujivu huo unawafaa wahusika.

Mtazame Faith ndani ya vipindi hivyo. Ana umri wa miaka thelathini, nywele ndefu za dhahabu, koti fupi ambalo vijana walianza kulitafuta madukani, mwili mwembamba unaokwenda upesi upesi kama mtu anayejua kwamba akisimama atakamatwa. Anapoongea na Endell, huanza kwa maneno mengi ya kujigamba, kisha sauti hupungua kadiri Endell anavyonyamaza, hadi sentensi inaishia njiani na kinachobaki ni tabasamu lisilo na uhakika. Mcheshi wa kawaida angeupaza mwisho huo ili watazamaji wacheke. Faith anaupunguza, na kicheko kinakuja pamoja na huruma, kwa sababu tunamwona mtu anayejua kwamba ameshindwa kabla hajamaliza kuomba. Ni ufundi ule ule wa mwaka 1959: acha nafasi tupu, sema kidogo, usivuke uwezo wa sauti yako. Tofauti ni kwamba sasa ana miaka kadhaa ya jukwaa nyuma yake, na nafasi ile tupu anaijaza kwa mtu kamili. Sina shaka pia kwamba jina lake la zamani lilisaidia kwa namna ambayo mwalimu hakuikusudia. Watazamaji wa Uingereza walimkumbuka akiwa kijana msafi wa suti nadhifu, na kumwona amechakaa hivyo kuliwapa uchungu ambao mwigizaji asiyejulikana asingeweza kuuleta. Lakini hilo ni jina kutumiwa na mwigizaji, wala si mwigizaji kubebwa na jina.

Wakati huo huo alikuwa ameingia upande wa pili wa biashara ya muziki. Pamoja na David Courtney, aliyekuwa mpiga ngoma wake, alimchukua mwimbaji Leo Sayer akiwa hajulikani, akawa meneja wake na kushiriki kutayarisha albamu zake za kwanza. Wawili hao pia walitayarisha albamu ya kwanza ya Roger Daltrey, mwimbaji wa bendi ya The Who, ya kuimba peke yake mwaka 1973. Mwaka huo alipata ajali mbaya ya gari iliyomjeruhi vibaya mguu. Aliporudi kazini, filamu iliyomsubiri ilikuwa Stardust ya mwaka 1974, iliyoongozwa na Michael Apted, ambamo David Essex anacheza nyota wa muziki na Faith anacheza meneja wake, Mike. Katika filamu iliyoitangulia nafasi ya Mike ilichezwa na Ringo Starr, mpiga ngoma wa Beatles, naye hakurudi kwa ya pili.

Ninaipenda sana kazi hii na nitakuambia sababu. Essex, mwimbaji halisi aliyekuwa katika kilele chake, anaimba na kuzungukwa na umati. Faith, aliyeyapitia hayo yote miaka kumi na mitano kabla, anasimama pembeni na kutazama. Haimbi hata mstari mmoja. Mike ni rafiki, ni mlinzi, ni mwizi na ni mwenye wivu kwa wakati mmoja, na Faith hamwombei msamaha kwa mtazamaji. Anasema kwa sauti ya chini, huangalia watu kabla ya kujibu, na kadiri nyota anavyopanda juu ndivyo uso wa meneja unavyozidi kufunga, hadi wawili hao wanapobaki wametengwa na dunia katika ngome huko Uhispania na huwezi tena kusema nani anamiliki nani. Kazi hiyo ilimfikisha kwenye orodha ya waliopendekezwa kwa tuzo ya BAFTA, tuzo kuu ya filamu ya Uingereza, ya mwigizaji msaidizi, pamoja na John Gielgud, aliyeshinda, na John Huston. Hakuna kamati inayomweka mtu katika orodha hiyo kwa sababu ya vibao vya mwaka 1960.

Yaliyofuata nitayaeleza kwa kifupi. Alicheza katika McVicar ya mwaka 1980 pamoja na Daltrey, akiwa mfungwa mzoefu, na katika Foxes ya Marekani mwaka huo huo pamoja na Jodie Foster. Mwaka 1986 alifanyiwa upasuaji wa moyo. Kwa muda mrefu akili yake ilikuwa zaidi kwenye uwekezaji, akiandika safu za fedha magazetini na kukutana na watu wa biashara katika mkahawa wa Fortnum & Mason pale Piccadilly, na mapenzi hayo ya fedha yalimgharimu sana: kituo chake cha televisheni cha masuala ya fedha, Money Channel, kilianza mwaka 2000 na kufungwa mwaka uliofuata, naye akatangazwa kufilisika mwaka 2002.

Kuna anguko lake moja, hata hivyo, ambalo mwalimu wako anapaswa kulipima. Mwaka 1988 Budgie iligeuzwa kuwa tamthilia ya muziki katika ukumbi wa Cambridge Theatre, London, Faith mwenyewe akiwa ndani pamoja na Anita Dobson, aliyekuwa maarufu sana kutokana na televisheni. Hapo palikuwa na kila kitu ambacho nadharia ya kubebwa na jina inakihitaji: mhusika anayependwa, mwimbaji wa zamani anayeimba tena, mwenzake anayejulikana nyumba kwa nyumba. Tamthilia ilifungwa baada ya miezi michache. Miaka minne baadaye, BBC ilipoonyesha Love Hurts, ambamo alicheza fundi bomba aliyejitajirisha na kumpenda Tessa, mwanamke aliyeacha kazi ya fedha nyingi ili afanye kazi za misaada, aliyechezwa na Zoë Wanamaker, hapakuwa na wimbo wala kumbukumbu ya ujana, na mfululizo huo ulipendwa kwa misimu mitatu, kuanzia 1992 hadi 1994. Wanamaker ni mwigizaji wa Shakespeare, mwenye wepesi mkubwa wa kubadilisha hali, na Faith anamjibu kwa njia ile ile aliyomjibu Sellers na Cuthbertson: anatulia na kumsikiliza. Vipindi vyao bora ni vile ambavyo wamekaa mezani wakibishana, hakuna kinachotendeka, na bado huwezi kuondoka.

Alifariki tarehe 8 Machi 2003 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 62, huko Stoke-on-Trent alikokuwa kwenye ziara ya tamthilia. Usiku uliotangulia alikuwa jukwaani.

Kwa insha yako, basi, usijaribu kumpinga mwalimu kwa kudai kwamba jina halikuwa na kazi yoyote, kwa sababu atakuonyesha filamu ya dubwana la Loch Ness na mjadala utaishia hapo. Mkubalie miaka ile ya mwanzo, kisha umwonyeshe mpangilio wa tarehe: kibao cha mwisho mwaka 1966, Night Must Fall mwaka 1968, Budgie mwaka 1971, pendekezo la tuzo kwa kazi ya mwaka 1974. Ukipata nafasi ya kuonyesha vipande darasani, chagua vitatu tu. Anza na Faith na Sellers katika Never Let Go, fuatisha Budgie akiomba fedha kwa Endell, malizia na Mike katika Stardust akimtazama Essex kutoka pembeni mwa jukwaa. Katika vyote vitatu, waombe wenzako wasimtazame anayezungumza. Wamtazame Faith wakati mwingine anapozungumza, na waandike wanachokiona mikononi na machoni mwake.